Kutu ya Kwenye Skrini

Nguzo ya chuma iliyosimama baharini hubeba gati, na wakati huohuo huliwa. Chuma hutoa elektroni, oksijeni iliyoyeyuka majini huzipokea, na matokeo yake anayajua kila mwenye paa la bati pwani. Dawa yake ni ya zamani: chuma hufungiwa kipande cha zinki au cha aloi ya aluminiamu, metali zinazoliwa kwa urahisi zaidi, ili kiliwe badala yake. Mafundi hukiita anodi ya kafara. Linalobaki ni kujua zifungwe anodi ngapi, za kilo ngapi na mahali gani. Siku hizi swali hilo hupelekwa kwenye programu za uhandisi kama COMSOL, nazo hurudisha picha ya nguzo zilizopakwa rangi kuanzia bluu hadi nyekundu. Picha hiyo ikishaingia kwenye ripoti, kumpata mtu wa kuibishia ni kazi.

Sehemu kubwa ya picha inastahili kuaminiwa. Maji ya bahari hayana siri nyingi: upitishaji wake wa umeme ni kama siemensi 5 kwa mita, na mwenye kipimo anaweza kuuhakiki asubuhi moja. Umeme husambaa ndani yake kwa kufuata mlingano wenye jina la Laplace, Mfaransa aliyefariki mwaka 1827, na kuukatakata mlingano huo vipande vidogo ili kompyuta iutatue ni kazi iliyokwisha kukomaa miaka mingi iliyopita. Ukitaka kujua kama nguzo ya katikati, iliyozingirwa na wenzake pande zote, inafikiwa na umeme wa kutosha, programu itakujibu vizuri kuliko fundi mzoefu. Mambo huharibika pale maji yanapokutana na chuma.

Ndani ya programu, mpaka huo ni uso usio na unene. Katika hali halisi una unene wa nanomita chache, na humo ndimo ioni zinapojipanga, molekuli zinapong'ang'ania chuma na elektroni zinapovuka. Kuigiza kila molekuli kwa nguzo nzima hakuwezekani, kwa hiyo programu huomba muhtasari tu: volti ikisogea kiasi hiki, mkondo kiasi gani utavuka?

Muhtasari huo ulianza mwaka 1905, pale Julius Tafel, Mswisi aliyekuwa Würzburg, Ujerumani, alipoonyesha kwamba volti ya ziada hupanda sambamba na logi ya mkondo. Mwingereza John Butler akaupa msingi wa nadharia mwaka 1924, na mwaka 1930 Max Volmer pamoja na Mhungari Tibor Erdey-Grúz wakaukamilisha. Leo unaitwa mlingano wa Butler na Volmer. Erdey-Grúz baadaye alikuwa waziri nchini kwake, kwa hiyo vyeo hakukosa. Alichokosa ni nafasi kwenye jina la mlingano.

Mlingano wenyewe ni mkali. Kwa mmenyuko wa kawaida wa elektroni moja kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi, kila milivolti 118 za ziada huzidisha mkondo mara kumi. Kompyuta ikianza kukisia ikiwa imekosea nusu volti, mkondo unatoka umekosewa zaidi ya mara elfu kumi, na hapo hesabu hugoma na kutoa ujumbe mwekundu. Waliozoea huanza na volti ndogo, wakapanda ngazi kwa ngazi. Wasiozoea hulaumu kompyuta, wakaomba fedha za kununua kubwa zaidi.

Lakini kugoma si hatari kubwa, kwa sababu anayegomewa anajua kwamba amegomewa. Hatari iko kwenye kisanduku kimoja ambacho lazima kijazwe, cha mkondo wa msingi: kasi ambayo mmenyuko huenda na kurudi kwa usawa wakati hakuna umeme wowote unaotumika. Namba hiyo haitokani na mlingano. Inatokana na uso wenyewe. Kwa utoaji wa haidrojeni kwenye tindikali, tofauti kati ya platinamu na zebaki ni takriban mara bilioni moja. Metali mbili, tindikali ileile, mlingano uleule, na sufuri tisa katikati. Betri ya gari huishi kwa neema hiyo: kila seli yake ina volti 2, wakati maji huanza kupasuka kinadharia kwenye volti 1.23, lakini risasi ni mvivu wa kutoa haidrojeni kiasi kwamba betri hukaa na chaji yake bila kujimaliza kwa kuchemka. Anayeazima namba hiyo kutoka makala iliyopima sahani safi maabara, kisha akaiweka kwenye nguzo yenye kutu, hajapata kosa la asilimia chache. Huenda amekosea kwa sufuri kadhaa, na rangi zitakuwa nzuri vilevile.

Tuchukue nguzo moja, kipenyo sentimita 60, mita 10 zake ndani ya maji, isiyopakwa rangi, na sehemu iliyozama kwenye matope tuiache. Eneo lake ni karibu mita 19 za mraba. Baharini mkondo wa kuilinda huamuliwa zaidi na oksijeni inayofika kuliko na Tafel. Maji ya joto yana takriban moli 0.2 za oksijeni kwa mita ya ujazo, na mtumiaji lazima aiambie programu safu ya maji yaliyotulia juu ya chuma ina unene gani. Akiandika nusu milimita, chuma kitadai kama ampea 0.3 kwa kila mita ya mraba. Akiandika sehemu ya kumi ya milimita, dai linazidi mara tano. Kwa ile nusu milimita, kwa miaka 20, na aluminiamu inayohesabiwa kutoa saa-ampea 2,000 kwa kilo, nguzo moja itataka karibu kilo 500 za anodi.

Sasa fungua mwongozo unaotumiwa sana katika kazi hii, DNV-RP-B401. Kwa bahari ya tropiki, kina kisichozidi mita 30, wastani unaopendekezwa ni ampea 0.07 kwa mita ya mraba. Nguzo ileile inashuka hadi kilo 116 hivi, kabla ya kuongeza za tahadhari. Kwa bahari za baridi kali mwongozo unataka ampea 0.12. Yaani bahari ya joto inadai umeme mdogo kuliko ya baridi, ingawa kila mwanafunzi wa kemia amefundishwa kwamba joto huharakisha mmenyuko. Mtu akipandisha nyuzijoto kwenye programu na kuiacha kasi ya mmenyuko ifuate, jibu lake litaelekea upande usio wenyewe.

Sehemu ya maelezo ni kwamba maji ya joto hushika oksijeni kidogo. Iliyobaki ni chokaa. Oksijeni ikipokea elektroni juu ya chuma huacha ioni za haidroksili, na maji yanayogusa chuma yanakuwa na ualkali. Kalisiamu na magnesiamu za baharini haziivumilii hali hiyo. Hutua juu ya chuma zikiwa kalisiamu kaboneti na magnesiamu haidroksaidi. Kalisiamu kaboneti huyeyuka kwa shida zaidi kwenye maji ya joto, kwa hiyo kwenye tropiki ganda hujengeka upesi na kuizibia oksijeni njia. Ulinzi unajijengea ukuta wake. Uso tuliouchora bila unene umejiongezea unene, na ile namba iliyoandikwa kwenye kisanduku siku ya kwanza ni ya chuma ambacho hakipo tena.

Haya si mageni. Mwaka 1824 Humphry Davy, mkemia mashuhuri wa London, aliliambia jeshi la majini la Uingereza kwamba shaba iliyofunika matumbo ya merikebu zake haitaliwa na bahari iwapo itafungiwa vipande vya chuma au zinki. Kemia yake ilikuwa sahihi. Meli ya Samarang ilivuka Atlantiki na kurudi, na shaba yake ikakutwa nzima. Tatizo ni kwamba shaba inayoliwa kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu kwa chaza na mwani. Ilipoacha kuliwa, viumbe hao walihamia, meli zikawa nzito, na mwaka 1825 amri ikatoka kwamba vipande hivyo viondolewe kwenye meli zinazosafiri. Manahodha wa majahazi waliokuwa wakikweka vyombo na kupaka deheni wangeweza kumwonya, ila hawakuwa wajumbe wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London.

Sisemi programu ziachwe. Mwongozo wenyewe una upofu wake: jedwali lake halijui kona, kivuli wala nguzo zilizobanana, na hapo programu haina mpinzani. Ninachokataa ni ripoti yenye kurasa arubaini za rangi na mstari mmoja tu, kwenye kiambatisho, unaosema namba za uso zilitoka wapi. Mpangilio huo ungefaa ugeuzwe. Kipande cha chuma kilekile kining'inizwe kwenye maji ya bandari ileile, kilindwe kwa miezi kadhaa hadi kiote chokaa, ndipo mkondo wake upimwe volti kwa volti. Jibu litolewe kama masafa, la chini na la juu, hata kama mteja aliomba namba moja.

Kisha nguzo zikishafungwa anodi, mzamiaji hushuka na elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha. Anatafuta volti −0.80 au iliyo hasi zaidi. Vipimo vyake mara nyingi havilingani na rangi za kwenye skrini, na mhandisi hurudi kusawazisha mfano wake. Njia moja ya kufanya hivyo ni kuongeza juu ya uso ukinzani wa safu ya chokaa, nao huingizwa kwenye kisanduku kingine, kwa namba nyingine ambayo lazima mtu aiandike.