Vichujio Vinavyohesabiwa Tumboni

Figo moja la binadamu lina vichujio vidogo, yaani nefroni, vinavyokaribia milioni 1 kwa wastani, ingawa mtu anaweza kuwa navyo mara kadhaa ya mwenzake. Vyote hujengwa tumboni, vingi vyao katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na ikifika wiki ya 36 hivi ujenzi umekwisha. Tangu hapo vitapungua tu. Aliyezaliwa na vichache hukitumikisha zaidi kila kimoja, shinikizo hupanda ndani yake, navyo hupata makovu. Ndiyo maana nashikilia kwamba madhara ya njaa ya mjamzito hayasomwi kwenye mizani ya kichanga peke yake. La kuuliza ni kiungo gani kilikuwa kikijengwa chakula kilipokatika.

Uholanzi inalithibitisha hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa 1944, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa nchi hiyo, na katika miezi mibaya zaidi mgawo wa mtu mzima jijini Amsterdam ukawa kati ya kalori 400 na 800 kwa siku. Baada ya ukombozi wa Mei 1945 chakula kilirudi upesi, hivyo tarehe ya kuzaliwa inatosha kuonyesha njaa ilimkuta nani akiwa na umri gani tumboni. Miaka 50 hivi baadaye, waliokutwa nayo katikati ya mimba walipimwa: asilimia 12 walikuwa na albumini mkojoni, dalili ya figo kulemewa, dhidi ya asilimia 7 ya wasioguswa. Waliokutwa nayo mwanzoni walizaliwa na uzito wa kawaida kabisa, lakini maradhi ya moyo yaliwaandama zaidi ukubwani.

Wapo wanaosema chanzo cha maradhi hayo ni umaskini au sigara. Lakini panya wanaolishwa protini kidogo wakiwa na mimba, mengine yote yakiwa sawa, huzaa watoto wenye nefroni pungufu. Pingamizi zito zaidi latoka Leningrad: waliokuwa tumboni wakati wa mzingiro wa 1941 hadi 1944 hawakuonekana kuugua kisukari zaidi ya wenzao. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba hao walizaliwa wakaendelea kukua katika uhaba, ilhali wa Amsterdam, ambao miili yao ilijengwa kwa kidogo, walikutana na shibe mapema.