Jina Lako Liko Bangoni au Kwenye Karatasi?

Umesajiliwa na timu, au wimbo wako umeshika, na milioni nane zimeingia kwenye simu. Wiki hii Tunduma nzima itakuwa na ushauri. Tuangalie gharama.

Bodaboda unaipata leo, na hesabu inaanza kuingia kesho jioni. Lakini bima, leseni, tairi na faini ni juu yako, na baada ya miaka miwili unauza chuma kilichochoka. Hiyo ni hela ya mboga.

Fremu karibu na mpaka ina wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, ila kodi ya mwezi unayotajiwa ni mwanzo tu. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka ya mwezi mmoja, anayehama anadai kilemba. Kisha kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, ambayo mpangaji ndiye anayetakiwa kuikata na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi hawataki kukatwa, basi inakuangukia wewe. Kwacha ikiyumba, duka linapoa. Chukua fremu kama utakaa kaunta mwenyewe. Ukiwa kambini, achana nayo.

Shamba la kahawa Mbozi linadumu kuliko goti lako. Ubaya ni kungoja: mche mpya unakula miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa, mavuno ni mara moja kwa mwaka, na chama cha ushirika (AMCOS) kina makato yake. Linamfaa mwenye mkataba bado mkononi.

Halafu kuna tajiri anayetaka picha yako dukani kwake, "tutagawana." Mgawane nini? Kusajili jina la biashara BRELA ni kama shilingi 20,000, rahisi, ila deni la duka linakufuata hadi nyumbani. Kampuni ni ghali zaidi, ina taarifa za kila mwaka na adhabu ukichelewa, lakini hisa zako zimeandikwa.

Sifa hupita, mali yenye jina lako hubaki. Mwanariadha Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Ilivunjwa 1979. Shule zake za Kimara na Kibaha bado zinapokea wanafunzi.

Kwa milioni nane, mimi ningenunua shamba kwa jina langu. Kwa tajiri wa picha, omba kwanza kuona orodha ya wanahisa. Kama humo, usimpe hata picha.