Mmeru wa Wapi?

Ukimwambia mkazi wa Majengo, Meru mjini, kwamba wewe ni Mmeru, bado hujamjibu. "Mmeru wa wapi?" atakuuliza. Anataka moja ya majina tisa: Igembe, Tigania, Imenti, Miutini, Igoji, Mwimbi, Muthambi, Chuka au Tharaka. Kila jina lina ardhi yake na lafudhi yake, na zamani lilikuwa na mashujaa wake waliovizia ng'ombe wa jirani usiku. Mtigania na Mchuka husikilizana, lakini kwa kutega sikio.

Wageni huwahesabu hawa kuwa kabila moja tangu enzi na enzi. Mimi nawaona kuwa mataifa jirani yaliyochagua kuwa kitu kimoja, na katika historia ya Kenya sijui fahari inayozidi hiyo.

Wazee husimulia kwamba walitoka Mbwaa, kisiwani pwani, ambako wengi hudhani ni Manda karibu na Lamu. Huko walitumikishwa na Nguu Ntune, watu wa nguo nyekundu, mpaka kiongozi wao Koomenjoe alipowavusha maji. Waliovuka usiku wakawa koo nyeusi, wa alfajiri koo nyekundu, wa mchana koo nyeupe. Walipofika chini ya Mlima Kenya walitawanyika, na kutawanyika kukaleta vita. Dawa ya vita hivyo ilikuwa gichiaro.

Neno hilo limetokana na kuzaa. Mswahili angesema undugu wa kuchanjiana. Pande mbili zilikula kiapo, na tangu siku hiyo damu ya mmoja ikawa mwiko kwa mwenzake, na watoto wakairithi ahadi wasiyoitoa wao. Mtu wa gichiaro akipita kwako na njaa akakata mkungu wa ndizi, si mwizi. Akikuomba, humnyimi, kwa hiyo mwenye adabu hulipima ombi lake kabla halijamtoka kinywani. Humdanganyi. Wala humwoi binti yake, maana nani aoe dada yake? Ugomvi ukiwashinda ndugu wa nyumba moja, huitwa mtu wa gichiaro aje aseme basi, na basi yake haikataliwi. Nimemwona mzee wa miaka themanini akinyamazishwa hivyo na kijana wa kumwita mjukuu. Alishusha fimbo, akaketi.

Waingereza walipofika mwaka 1908 wakiongozwa na Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, hawakukuta mfalme wa kumpindua. Walikuta mabaraza, na juu yake Njuri Ncheke, wazee waliochujwa kwa busara na mwenendo. Lambert, mkuu wa wilaya aliyekuja baadaye, alilichunguza baraza hilo kwa bidii na kutaka litumike katika utawala. Wapenzi wa Kiswahili wanamjua kwa sababu nyingine: ndiye aliyeandika juu ya lahaja za Vumba, Chifundi na Jomvu.

Njuri makao yake ni Nchiru, Tigania. Ardhi ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopo hapo hapo, ilitolewa na wazee hao. Mpaka leo wanaamua mashauri ya mashamba na mipaka, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 159, inazitambua njia za jadi za kupatanisha watu.

Lakini wanawake hawaingii Njuri, na hapo siwezi kuwasifu wazee. Mwaka 1956 walipiga marufuku ukeketaji bila kuwaita wasichana wenyewe wala mama zao kikaoni. Wasichana wakachukua nyembe wakakeketana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Marufuku ilikuwa ya haki, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Kosa lilikuwa kudhani umoja unaweza kuamuliwa na nusu ya watu.

Majengo ya Meru yenyewe imekusanya wengi zaidi ya hao wa majina tisa. Miji mingi ya Kenya ina mtaa wa jina hili: Nyeri, Nanyuki, Embu. Ni mitaa iliyokuzwa na Waswahili na wenyeji walioingia Uislamu, na Kiswahili ndicho lugha ya kibarazani.

Nilihudhuria posa hapa. Binti babu yake alikuwa Muigembe aliyesilimu. Kijana alitoka Majengo ya Embu. Sheikh alikuwepo, na mahari yangetajwa kwa utaratibu wa dini. Kabla ya hapo wageni waliweka mkekani ncoolo, kitita cha miraa teule kilichofungwa kwa jani la mgomba. Baba wa binti hakukigusa.

"Mwanangu," alimwambia kijana, "kwenu ni ukoo gani?"

Kijana akataja. Mzee akamgeukia nduguye, wakanong'ona kwa Kimeru, wakipitia majina ya waliokwisha kufa zamani. Walikuwa wakitafuta gichiaro. Kama wangeiona, sheikh angekunja kitabu chake, na wageni wangekula pilau na kurudi Embu wakiwa ndugu, bila mchumba.

"Haipo," nduguye akasema hatimaye.

Mzee akavuta ncoolo karibu na goti lake, akaanza kufungua jani.