Je, Wajua? Fyuzi Hufa ili Redio Ipone

Nyabibuye ni kata ya Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, huko juu kwenye vilima vya Buha. Hadi mwaka 2022 miji ya Kibondo na Kasulu iliwashwa kwa jenereta za dizeli. Mwaka huo Gridi ya Taifa ikaingia kupitia Nyakanazi. Runinga zinaongezeka, na radi hazijapungua hata moja. Basi tuone nani analinda nini.

Ndani ya plagi yako kuna mchanga

Fungua plagi ya pini tatu bapa, utakuta kibomba kidogo cha kauri. Hiyo ndiyo fyuzi, na iliyo halali hujazwa mchanga. Uzi wa ndani ukiyeyuka, cheche hujaribu kuruka pengo lililobaki. Mchanga huimeza, huyeyuka, kisha hugeuka kioo. Radi nayo hufanya vivyo hivyo ikipiga ufukweni! Redio hutosheka na fyuzi ya ampea 3, pasi huhitaji 13. Wengi wetu tunatia 13 kila mahali, na ndiyo maana waya wa redio unaweza kuungua huku fyuzi iko nzima, inatazama tu.

Ukivuka mpaka, mlinzi anatoweka

Plagi yetu ni mtoto wa uhaba. Kanuni yake ilitoka Uingereza mwaka 1947, shaba ikiwa adimu baada ya vita. Waingereza wakaamua waya mmoja uzunguke nyumba nzima, na kila plagi ijibebee fyuzi yake. Tanzania, Kenya, Uganda na hata Oman wanaitumia mpaka leo. Burundi, hatua chache kutoka Kakonko, ilirithi kwa Wabelgiji plagi ya pini mbili za mviringo, isiyo na fyuzi ndani.

Na ile pini ya juu? Ni ndefu makusudi: huingia kwanza, huunga ethi, kisha husukuma vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini. Kumbe kalamu tunayoichomeka pale juu ili chaja ya pini mbili iingie ni ufunguo wa bandia. Chaja ya simu itavumilia kukosa ethi. Pasi ni habari nyingine.

"Transfoma imelipuka!" Mara nyingi, wala

Mlio kama wa bunduki, giza kijiji kizima, na kila mtu anaitangazia transfoma kifo. Tazama juu ya nguzo kwanza. Pale ambapo laini ya volti 33,000 inaingia kuna mirija mitatu, kila mmoja na uzi wa fyuzi ndani. Mkondo ukizidi, uzi hukatika, na joto la cheche huuchoma ukuta wa ndani wa mrija hadi utoe gesi. Gesi hiyo hufyatuka na kuipuliza cheche izimike. Mlio ulioutisha mtaa ni wa pumzi hiyo.

Sehemu ninayoipenda ndiyo inayofuata: mrija ukishafyatua hujiachia wenyewe, ukaning'inia kichwa chini. Fundi anauona akiwa chini na kujua ni waya upi uliokatika, bila kipimo chochote. Akishajua chanzo, anatia uzi mpya na kuurudisha mrija kwa fimbo ndefu. Transfoma haina hata mkwaruzo.

Waya ukikatika, umeme unaweza kuongezeka

Hili ndilo linalounguza runinga za mtaa mzima kwa dakika moja. Transfoma hutoa nyaya tatu za moto na moja ya kurudia, nyutro. Kati ya waya wa moto na nyutro kuna volti 230. Kati ya nyaya mbili za moto kuna 400. Nyutro ikikatika njiani, nyumba mbili zilizo kwenye nyaya tofauti hujikuta zimefungwa pamoja katikati ya zile 400 na kuanza kugawana. Mgao wenyewe ni wa ajabu: anayetumia kidogo ndiye anayepewa nyingi. Jirani anapiga pasi ya wati 1,000, wewe unatazama taarifa ya habari kwa runinga ya wati 50. Runinga yako inaweza kupokea karibu volti 380! Dalili ni taa zako kung'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia. Kimbilia meni swichi, maswali baadaye.

Hewa nayo ina bei: volti 3,000 kwa milimita

Kwa volti hizo ndipo umeme huweza kuiruka hewa. Swichi iliyozimwa ina pengo la milimita chache tu, na radi haishtuki kwa pengo hilo. Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000 hivi, zaidi ya mara 2,300 ya fyuzi ya plagi, na hupita kabla fyuzi haijakatika. Chomoa plagi kabisa. Tena haihitaji kupiga kwako: ikianguka jirani na laini ndefu, nyaya hujazwa msukumo na kuusafirisha hadi sebuleni. Na radi si haba: ng'ambo ya Rwanda na Burundi, Kabare huko Kongo hupata mimweko 205 kwa kilomita ya mraba kila mwaka, kwa hesabu za setilaiti zilizotolewa mwaka 2016. Ni Ziwa Maracaibo la Venezuela pekee lililoishinda, kwa 233.

Dawa ya vipele vya mtoto hulinda runinga

Oksidi ya zinki, unga mweupe wa marhamu ya watoto, ikiokwa huwa kidonge cha kauri kinachokaa ndani ya vilinzi vya umeme. Kila mpaka kati ya chembe na chembe huzuia volti 3 hivi. Panga mipaka ya kutosha, nacho kitakaa kimya kwenye volti 230, kisha msukumo ukija kitafunguka kwa sekunde moja iliyogawanywa mara milioni 40. Kila pigo hukichosha kidogo, nacho hakisemi. Kilinzi cha miaka mingi huenda kimebaki kuwa soketi tu.

Fyuzi ilianza kwa simu ya maandishi

Mwaka 1847 Mfaransa Louis Breguet alishauri ofisi za telegrafu ziweke waya mwembamba mlangoni, ili radi ikija iuyeyushe huo na kuacha mitambo.

Rangi za pikipiki

Fyuzi za bapa za bodaboda na magari husoma hivi: nyekundu 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ukikuta kipande cha waya wa kawaida mahali pake, jua kuwa kitakachoyeyuka kwanza ni nyaya za pikipiki yenyewe, chini ya kiti ulichokalia.