Achana na Stelingi, Mcheki Chloe

Oya wanangu wa mwisho wa reli, mbalamwezi ikishakaa sawasawa juu ya Tanganyika, mchongo wa dagaa unalala. Taa za mitumbwi hazina ujanja mbele ya mwezi, nyavu zinaanikwa, na masela wa Mwamgongo wanabaki na usiku mzima wa kuuchoma. Ndo mida ya kibanda umiza hiyo. Mabenchi ya mbao, jasho, karanga, na Jack Bauer kamkaba mtu koo.

Ung'eng'e wetu wengi tumeuokotea humo, tusidanganyane. Ila si kila muvi inalipa. Zile za kutafsiriwa na ma-DJ, mtindo uliompa Lufufu jina Bongo nzima, ni burudani ya hatari: mhuni wa New York anabonga kama kakulia Manzese, unacheka mpaka mbavu zinauma. Ukitoka hapo umebeba stori, Kimombo chenyewe kimezikwa chini ya sauti ya DJ. Na siku hizi hata TV imehamia upande wetu. TBC1 ilituletea Doudou na mama wakwe zake wa Kichina mwaka 2011, wote Kiswahili, halafu Azam wakashusha Sultan, Waturuki wanachongeana kwa Kiswahili cha kunyoosha. Tamu kinoma. Kwa anayesaka maneno ya ofisini, hamna kitu.

Wakubwa zetu walibahatika. Wao walikuwa na Isidingo pale ITV, tamthilia iliyoanza Sauzi mwaka 1998: mgodi wa Horizon Deep, kituo cha televisheni, na yule mzee wa fitina Barker Haines akiwachezea watu rafu mpaka kwenye mali zao. Bodi, hisa, mkataba, mgomo, vyote ndani. Kuna mashangazi hawajawahi kukanyaga kikao cha bodi lakini watakwambia mkurugenzi anapinduliwaje.

Sisi tuna tamthilia za Suits na 24, na hapo ndo tunapoharibu. Kila mtu anamkariri stelingi. Harvey Specter, wakili wa Suits, anaingia kapiga suti, anamtisha mtu na kesi, anatupa faili mezani, anasepa. Jack Bauer wa 24 ndo kabisa, anafokea mpaka mabosi. Sasa mwanangu, nani kakwambia kazi yako ya kwanza itakuwa ya Harvey? Michongo ya huku tunaijua: kuongoza wageni hifadhi ya Gombe hapo jirani, mapokezi ya loji, au mashirika ya wakimbizi kule Kasulu, iliko kambi ya Nyarugusu toka 1996. Unaanzia chini. Mshikaji mmoja kaulizwa kwenye usaili, ukikorofishana na mwenzako kazini unafanyaje? Akashusha mistari ya Harvey mwanzo mwisho, kifua mbele, lafudhi ya Manhattan. Wakamwambia asante, tutakupigia. Mpaka leo simu kaiweka chaji.

Mtu wa kumcheki ni Chloe O'Brian. Anaingia 24 kwenye sizoni ya tatu, kanuna, kaganda kwenye kompyuta, hana bastola wala mbwembwe. Sikiliza anachoongea: faili halijafunguka, nipe dakika chache, hilo sina ruhusa nalo, nani kaagiza? Ndo Kimombo cha mtu mwenye kazi hicho. Anambishia bosi na mzigo unaisha. Kwenye Suits mfuate Donna, sekretari anayemjua Harvey kuliko Harvey mwenyewe, au Rachel Zane, msaidizi wa mawakili, yule aliyeigizwa na Meghan Markle kabla hajaolewa na Prince Harry 2018. Hao ndo wanaoomba, wanafafanua, wanaripoti, wanakataa kistaarabu. Stelingi anatoa amri tu, na amri hata mtoto wa darasa la pili anaweza.

Halafu msijione vilaza. Hapo Gombe, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka Julai 1960, na Mei 1975 waasi wakavuka ziwa kutoka ng'ambo wakateka wanafunzi 4 wa utafiti. Wageni wakapungua. Walioshika usukani wa kuwafuata sokwe porini kutwa nzima ni Wabongo, akina Hilali Matama, na madaftari yao waliyajaza kwa Kiswahili. Sayansi inayosomwa dunia nzima, imeanza na "sokwe kapanda mti". Kwa hiyo kazi watu wa mwambao huu wanaiweza kitambo. Kinachowabana ni kuielezea mbele ya mtu asiyejua Kiswahili, na hapo ndo Chloe anaingia.

Namna ya kufanya: sizoni weka kwenye simu, maandishi ya chini yawe ya Kiingereza, ukiweka ya Kiswahili unajipiga changa. Chukua kipande kifupi cha ofisini, milipuko ruka. Simamisha, sema na wewe, rudisha, sema tena, kwa sauti. Geto watakucheka, hilo lipo. Ndo maana mimi nashauri boti ya kutoka Kibirizi. Kaa nyuma kabisa karibu na injini, bwabwaja mpaka Mwamgongo. Kwa kelele ile hata nahodha hasikii, na akikuona midomo inacheza atajua unasali mawimbi yatulie.