Gari Halipashwi Moto kwa Kusimama

Asubuhi za Juni na Julai huko Makete na Njombe, umande unapoganda kwenye nyasi, si ajabu kukuta gari limewashwa na kuachwa liungurume robo saa huku mwenyewe akimalizia chai. Enzi za kabureta desturi hiyo ilikuwa na maana: uliondoka mapema, gari likakohoa na kuzima. Magari ya petroli yanayoingia leo kutoka Japani hayana kabureta. Sensa hupima joto la maji, kompyuta ikaongeza petroli yenyewe, na baada ya nusu dakika hivi unaweza kuondoka.

Tatizo ni hiyo petroli ya ziada. Kwenye baridi haigeuki mvuke vizuri. Hubaki matone, ikaosha oili kwenye kuta za silinda, nyingine ikapenya kwenye ringi za pistoni na kuchanganyika na oili chini. Chomoa dipstiki ya gari lenye mazoea hayo na huenda ukasikia harufu ya petroli. Kinachotakiwa ni kufupisha kipindi hicho cha injini kuwa baridi, na injini isiyo na mzigo huchoma mafuta kidogo, hivyo hupata moto polepole kuliko inayovuta gari. Utaambiwa oili ya baridi ni nzito, isubiriwe. Nzito ni kweli, hasa 20W-50 inayopendwa kwa magari yaliyochoka, lakini pampu huisukuma ndani ya sekunde chache na taa ya oili ikazima. Uzito uliobaki unakutaka uende taratibu, bila kupiga resi, mpaka mshale wa temperecha upande. Tena grisi ya beringi za magurudumu haipati moto gari likiwa limesimama.

Basi au lori la breki za upepo lina sababu yake ya kusubiri: mitungi ijae. Kioo chenye ukungu nacho kisafishwe kwanza. Hata Kanada, baridi inaposhuka nyuzi 20 chini ya sifuri, wengi huchomeka hita ya umeme kwenye injini kabla ya kuiwasha. Kwetu ni kinyume: fundi huitoa themostati eti gari lisichemshe. Maji yakazunguka kwenye rejeta tangu mwanzo, kompyuta ikaendelea kudhani injini ni ya baridi na kumwaga petroli. Gari la hivyo, kule Makete, hata liungurume saa nzima huenda mshale usifike katikati.