Nani Ampishe Nani Jangwani

Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ikiisha kuipita Magomeni na kabla ya kufika Faya, hushuka katika bonde la mto Msimbazi, na kipande hicho cha Jangwani ndicho wanachokipitia wengi waendao sokoni Kariakoo kwa miguu au kwa baiskeli kutoka upande wa magharibi. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ambao awamu yake ya kwanza, yenye urefu wa takribani kilomita 21, ilianza kutoa huduma mwezi Mei 2016, ulijumuisha pia njia za kando, yaani sehemu za pembezoni walizotengewa watu wa miguu na wa baiskeli. Matumizi, hata hivyo, huyachanganya makundi hayo, kwa kuwa humohumo hupita mikokoteni, huegeshwa bidhaa, na bodaboda hupanda kukwepa foleni.

Mwendo wa kawaida wa mtembeaji ni kama kilomita 5 kwa saa, na wa baiskeli ni kama 15. Na kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kila kilo ya mwendesha baiskeli hubeba nishati mara tisa ya ile ya mtembeaji. Hesabu hiyo yatosha kumtwika mwenye baiskeli wajibu wa kwanza, yaani kupunguza mwendo, kupiga kengele angali mbali badala ya kumshtua mtu kisogoni, na kupita kwa nafasi.

Lakini adabu ya njia za kuelekea sokoni ina kipimo kingine, ambacho ni mzigo. Mwendesha guta, yaani baiskeli ya magurudumu matatu yenye jukwaa la kubebea bidhaa, akisimamishwa hupoteza kasi aliyoipata kwa jasho, na kuliondoa tena guta lililosheheni magunia ni kazi kubwa kuliko kuliendesha, kwa hiyo mtembeaji asiye na kitu humpisha anaposikia "Naomba njia!", bila kujiona amedhulumiwa. Mchukuzi mwenye furushi kichwani naye hawezi kugeuza shingo kutazama nyuma, hivyo hata guta humsubiri. Anayepisha, basi, ni yule ambaye kusimama hakumgharimu sana, awe wa miguu au wa magurudumu, na utaratibu huo una haki zaidi kuliko alama yoyote ya rangi iliyochorwa chini, ambayo haijui nani amebeba nini.

Bodaboda hastahili kuhesabiwa katika mapatano hayo, maana injini yake huondoka tena bila jasho la mtu, na honi yake huamuru badala ya kuomba. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, umekuwa ukidai njia salama za baiskeli, dai ambalo kwa hapa Jangwani lingewafaa watembeaji vilevile, mradi njia hizo ziwe na upana wa kutosha maguta mawili kupishana.